Rangi ya Tumbo la Meli na Maji Yasiyo na Pa Kutokea

Mkulima wa alizeti wa Iramba au Mkalama ana mshindani ambaye hajawahi kumtia machoni. Ni mafuta ya mawese yanayoteremshwa bandarini Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka Singida mjini, baada ya kuvuka Bahari ya Hindi kutoka Malaysia na Indonesia. Bei yake dukani inatokana na mengi: ushuru, msimu, thamani ya dola. Kuna jambo moja ambalo hulisikii likitajwa hata wabunge wa mikoa ya alizeti wanapobishana kuhusu ushuru huo, nalo ni rangi iliyopakwa tumbo la meli, sehemu ile inayozama majini.

Meli isiyopakwa rangi hiyo haikai siku nyingi kabla ya kuota. Kwanza hutanda utando wa vijidudu, kisha mwani, kisha viumbe vyenye gamba gumu vinavyojigandisha kwenye chuma. Chombo kinakuwa kizito kusukumika. Wataalamu wa meli hukadiria kwamba tumbo lililoota sana linaweza kuongeza matumizi ya mafuta hadi asilimia 40. Zaidi ya hapo, viumbe waliogandia meli huhamishwa kutoka bahari moja hadi nyingine na kugeuka wageni waharibifu huko wanakofikia. Kwa hiyo rangi hii ina kazi ya maana, na mwanamazingira anayetaka zote zipigwe marufuku kesho asubuhi hajapiga hesabu.

Ugumu uko katika namna inavyofanya kazi. Nyingi ya rangi hizi huvujisha sumu kidogo kidogo, mchana na usiku, ili kinyama kichanga kinachotafuta pa kutua kife au kigeuze njia. Chaza na kome nao huanza maisha hivyo hivyo, wakiwa viluwiluwi wasioonekana kwa macho, wanaelea na mkondo siku kadhaa au wiki kadhaa kabla ya kupata jiwe la kushikilia. Sumu iliyokusudiwa kumwua anayetua kwenye chuma haiwezi kumbagua anayekwenda kutua kwenye mwamba.

Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na njia zao. Jahazi lilipandishwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yakitoka likakwanguliwa, likapigwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha likapakwa deheni, yaani chokaa na mafuta. Ilikuwa kazi ya kurudiwa mara kwa mara, na meli ya chuma ya tani elfu hamsini huwezi kuilaza mchangani kila baada ya miezi michache. Wazungu nao walianza na mbao: mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilijaribu kuifunika manowari HMS Alarm kwa mabati ya shaba. Zilipokuja meli za chuma, shaba ilihamia ndani ya rangi, ikifuatana na zebaki na arseniki. Zebaki hiyo ni ile ile ambayo mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Iramba na Ikungi anaijua kwa mkono wake.

Kisha likaja bati. Miaka ya 1950 wakemia wa Utrecht, Uholanzi, waligundua kwamba bati lililofungwa kwenye minyororo fulani ya kaboni linaua kuvu na viumbe wengi wadogo kwa kiasi kidogo mno. Muongo uliofuata familia hiyo ya sumu ilipelekwa kwenye kazi mbili kwa pamoja. Moja ni rangi za meli. Ya pili ni majaribio ya kuua konokono wa maji baridi wanaoeneza kichocho. Tanzania ilikuwa na vita vyake dhidi ya konokono hao. Shamba la miwa la Arusha Chini, kusini mwa Moshi, lilijulikana kwa majaribio ya namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, ingawa dawa iliyotumika huko haikuwa ya bati. Kabla ya hapo mrututu, ambao ni shaba, ulikuwa umemwagwa kwenye mifereji ya nchi nyingi kwa shabaha hiyo hiyo.

Sumu mbili zilizotawala rangi za meli kwa miongo mingi, shaba na bati, zilikuwa zinajulikana tayari kama sumu za konokono. Vitabu vya afya ya jamii viliandika hivyo waziwazi. Hata hivyo, meli zilipoanza kupakwa sumu hiyo ya bati, tributiltini, au TBT kwa kifupi, ilichukua miaka zaidi ya kumi kabla mtu hajauliza konokono na chaza wa baharini watakuwaje. Waganga wa kichocho na mafundi wa meli hawakuwa wakisoma majarida yale yale ya sayansi.

Jibu lilikuja Arcachon, ghuba ya kusini-magharibi mwa Ufaransa inayoishi kwa ufugaji wa chaza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 wafugaji waliona mambo mawili. Watoto wa chaza walikosekana msimu baada ya msimu. Na chaza wakubwa wakaota magamba manene yenye vyumba vilivyojaa ute, wengine wakavimba karibu kuwa duara, nyama ndani ikiwa kidogo kiasi cha kutouzika. Haikuwa rahisi kumpata mhalifu, maana hapakuwa na kiwanda cha kunyooshewa kidole. Mtafiti Claude Alzieu na wenzake ndio waliofuata nyayo hadi kwenye boti za starehe zilizoegeshwa ghubani kwa maelfu kila kiangazi. Mwanzoni mwa 1982 Ufaransa ilizuia rangi za TBT kwa vyombo vifupi kuliko mita 25, na uzao wa chaza ukaanza kurudi. Uingereza ilifuata mwaka 1987.

Arcachon ni ghuba yenye mlango mwembamba. Maji yake hayabadiliki haraka kama ya bahari wazi, na vyombo vilivyoleta balaa havikuwa meli za mizigo. Ukiyashika mambo haya mawili, sehemu kubwa ya suala zima hufunguka yenyewe.

Wakati wafugaji wa Arcachon wakilia, mkasa mwingine ulikuwa ukijitokeza kimyakimya. Mwaka 1970 Stephen Blaber aliripoti kwamba konokono majike wa mwambao wa Plymouth, Uingereza, walikuwa wameota kitu kama uume. Mwaka uliofuata Mmarekani B. S. Smith alieleza hali hiyo hiyo kwa konokono wa matope wa Connecticut na kuipa jina la imposeksi. Miaka kumi baadaye alionyesha kwamba inaongezeka kadiri unavyosogea penye boti. Kwa konokono wa Plymouth mambo yalifika mbali. Mrija wa kiume unaoota ndani ya jike huziba njia ya mayai, mayai hurundikana mwilini, na jike hufa bila kuzaa. Kwa kuwa aina hiyo haina viluwiluwi wanaoelea, mwamba uliopoteza majike wake hauwezi kuletewa watoto na mkondo kutoka kwingine, na konokono hutoweka hapo kwa miaka mingi.

Kiasi cha TBT kinachoanzisha mabadiliko haya ni nanogramu moja hivi kwa lita, na wakati mwingine chini ya hapo. Msomaji wa Singida ana njia nzuri ya kukipima kiasi hicho. Chukua ziwa la chumvi la kina kifupi, lenye eneo la kilomita moja ya mraba na kina cha mita moja. Gramu moja ya TBT ikisambaa humo sawasawa inatosha. Ni sumu chache mno zilizowahi kumiminwa baharini kwa makusudi zenye makali ya namna hiyo. Kwa muda mrefu wanasayansi walidhani TBT inavuruga kimeng'enya kinachotengeneza homoni za kike. Baadaye, hasa baada ya kazi ya Wajapani iliyochapishwa mwaka 2004, ushahidi uliegemea upande wa kipokezi kimoja ndani ya seli ambacho bati hili hukishika na kukiwasha bila ruhusa, na mwili wa jike ukafuata amri ya uongo.

Jumuiya ya kimataifa iliitikia kwa mwendo wake wa siku zote. Mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari kuhusu rangi hizi ulipitishwa Oktoba 2001. Ulitaka TBT isipakwe tena kuanzia mwanzo wa 2003 na isionekane kabisa kwenye vyombo kuanzia mwanzo wa 2008, lakini nguvu ya kisheria ilipatikana Septemba 2008, baada ya nchi za kutosha zenye meli za kutosha kuuridhia. Kwa mikataba ya mazingira, huu ni wa kupigiwa mfano. Norwei iliyokuwa ikipima konokono wake tangu 1991 haikuona tena imposeksi katika vituo vyake vya upimaji kufikia 2017.

Mafanikio hayo yana mipaka miwili, na yote inatuhusu kuliko inavyowahusu Wanorwei.

Wa kwanza ni tope. Kwenye maji yenye mwanga na hewa, TBT huvunjika kwa siku au wiki. Ikizama kwenye tope jeusi lisilo na hewa, hukaa miaka mingi, hata miongo. Popote pale ambapo meli zilikwanguliwa na kupakwa upya kabla ya 2008, sakafu ya bandari ina akiba ya sumu inayosubiri kufukuliwa. Bandari za Afrika Mashariki zimekuwa zikichimbwa na kupanuliwa. Ya Dar es Salaam iliingia katika mradi mkubwa wa kuongeza kina mwaka 2017. Kila uchimbaji wa aina hii, popote duniani, huleta swali moja la msingi: tope limepimwa bati na shaba kabla ya kuamuliwa likatupwe wapi?

Mpaka wa pili uko kwenye vyombo vidogo. Mkataba unagusa rangi ya kila chombo, ila ukaguzi na cheti vinadaiwa kwa meli za kuanzia tani 400 zinazosafiri kimataifa. Chombo cha mita 24 hadi kufikia tani hizo kinatembea na tamko la mwenyewe tu. Chini ya hapo kila nchi inajisimamia. Ufaransa na Uingereza zilianza na vyombo vidogo kwa sababu ndivyo vilivyojaa kwenye ghuba za chaza. Vyombo vya pwani ya Waswahili ni mashua, ngalawa, jahazi, boti za faiba za uvuvi na boti za kupeleka watalii kwenye matumbawe. Karibu vyote viko chini ya kimo cha cheti.

Sasa tuulize kilichokuja baada ya bati. Shaba imerudi kwenye kiti chake, safari hii ikisaidiwa na viuamwani kama Irgarol na diuroni au na zinki pirithioni. Watetezi wake husema, kwa haki, kwamba shaba ni madini ya kawaida, miili yetu inaihitaji, na kwamba baharini nyingi hushikwa na mabaki ya mimea na kupoteza makali. Lakini kiluwiluwi cha chaza au kome huanza kuharibika katika mikrogramu chache za shaba kwa lita. Gamba halijengeki, na asiye na gamba haishi. Marekani imeweka ukomo wa mikrogramu 3.1 kwa lita kwa viumbe wa maji ya chumvi wanaoishi na shaba kwa muda mrefu. Kule San Diego, bwawa moja la boti za starehe lilikutwa na shaba nyingi kiasi kwamba mwaka 2005 mamlaka ya maji iliagiza ipunguzwe kwa asilimia 76. Hilo nalo ni bwawa lenye mlango mwembamba, na lililojaa boti zisizotoka.

Irgarol yenyewe imeshafika kwetu. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo yao ya kuikuta kwenye maji ya matumbawe ya Zanzibar. Haimlengi chaza, inazima usanisinuru, hivyo inaugusa mwani mdogo unaoishi ndani ya matumbawe na mwani anaoula chaza anapochuja maji. Mkataba wa 2001 ulirekebishwa ili kuipiga marufuku, na tangu Januari 2023 haipaswi kupakwa. Kutoka kuuzwa kwake hadi kukatazwa ilipita zaidi ya miaka thelathini.

Nani anaathirika hapa? Maji yakipwa Chwaka, Fumba au Jambiani, wanaoshuka ufukweni na ndoo ni wanawake na watoto, wakitafuta kombe, tondoo na chaza kwa kitoweo na kwa kuuza. Fumba baadhi ya wanawake hao walijifunza kupandikiza nusu-lulu ndani ya chaza, kazi iliyoanza miaka ya 2000 na iliyowapa kipato ambacho hakikuwapo. Kwenye mchanga huo huo ndipo boti inapolazwa kukwanguliwa. Chembe za rangi ya zamani, nyekundu na buluu, huanguka na kuchanganyika na mchanga, na chembe ndogo iliyosagika huvuja shaba haraka kuliko rangi iliyo bado kwenye ubao, kwa kuwa uso wake wote uko wazi. Funza wa mchangani humeza chembe hizo. Chaza huchuja maji yaliyopita juu yake. Na kwa upande wa TBT, jamii ya chaza na kome ni wavivu wa kuivunja, ndiyo maana hurundikana ndani yao kuliko ndani ya samaki.

Nisieleweke vibaya. Anayeuza chaza Chwaka hana haja ya kutishiwa wateja wake. Upungufu wa kombe kwenye fukwe zetu una watuhumiwa wakubwa zaidi: uvunaji usiopumzisha ufuko, maji machafu ya miji na hoteli, joto la bahari. Mtu akiisimamisha rangi ya boti mbele ya hawa wote, atakuwa anatafuta mhalifu mwepesi. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: rangi huongeza mzigo pale pale ambapo maji hayatembei na boti ni nyingi, na sehemu hizo zinajulikana kwa majina, kutoka ghuba za Mombasa hadi gati la boti za watalii.

Kuisimamia ni shughuli nyingine. Dukani bidhaa hii ni rangi, na rangi ni mambo ya shirika la viwango, TBS. Ikivuja baharini ni sumu ya kuua viumbe, na viuatilifu viko chini ya mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Ikiwa kwenye meli inalihusu shirika la uwakala wa meli, TASAC, au mamlaka ya usafiri baharini upande wa Zanzibar; ikishafika kwenye tope inaliangukia baraza la mazingira, NEMC. Tanzania iko ndani ya Mkataba wa Rotterdam, ambao uliweka misombo ya TBT kwenye orodha yake mwaka 2008 kama viuatilifu na tena 2017 kama kemikali za viwandani, kwa hiyo njia ya kisheria ya kukataa makopo hayo mpakani ipo. Mikono minne ikishika kopo moja, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyesoma maandishi yaliyo nyuma yake.

Kuna faraja moja isiyo ghali. Kupima TBT majini kunahitaji mashine za mamilioni, lakini kupima imposeksi kunahitaji konokono arobaini hivi wa mwambani, nyundo ndogo ya kuvunja gamba, hadubini ya kawaida na mwanafunzi mvumilivu. Ukilinganisha konokono wa karibu na chelezo na wale wa mwamba wa mbali, jike mwenye kiungo kisicho chake anakuonyesha bati liliko hata pale maji yenyewe yalipokwisha kusafishika. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja tangu 1978, na wenzao wa taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, mjini Mombasa wako hatua chache kutoka kwenye miamba hiyo.

Turudi bara. Singida haina chaza, ila ina kitu kinachoifanya izielewe Arcachon na San Diego vizuri kuliko miji mingi ya pwani: maji yasiyo na pa kutokea. Singidani na Kindai hupokea mvua ya mji na hupungua kwa jua tu. Kitangiri hupokea mto Wembere na kumwaga Sibiti, lakini Sibiti unaishia Eyasi, na Eyasi haina mlango. Humo anaishi perege aitwaye na wanasayansi Oreochromis amphimelas, ambaye hapatikani popote duniani nje ya maziwa machache ya aina hii ya Tanzania. Hakuna maji kujaa na kupwa huko. Kinachoingia na kisichovunjika kinabaki.

Na kinachoingia kipo. Vilima vya Sekenke, huko Iramba, vimechimbwa dhahabu tangu enzi za Mjerumani. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia njia ya bahari, Wajerumani walitumia dhahabu ya huko kugonga sarafu ya rupia 15 mjini Tabora. Leo wachimbaji wadogo wanaendelea, na zebaki ndiyo wanayoitegemea. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba uliopewa jina la mji wa Japani ambako, kuanzia 1956, watu walitambuliwa kuugua kwa kula samaki na kome wa ghuba iliyomwagiwa zebaki na kiwanda. Minamata nayo ni ghuba. Rangi za meli ziliiacha zebaki miaka mingi iliyopita, machimboni bado inauzwa kwa kifuniko cha chupa.

Katika miaka ya karibuni serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi wa pwani na wa maziwa makubwa boti za faiba. Hakuna sababu ya wavuvi wa Kitangiri kubaki nyuma, na zikija zitakuja na mafundi wake na makopo yake. Rangi za silikoni, ambazo huviangusha viumbe kwa utelezi bila kuvujisha sumu, zipo sokoni. Ni ghali, na hufanya kazi vizuri zaidi kwa chombo kinachokwenda kasi kuliko kwa boti inayolala. Kwa boti ya mita saba inayoweza kupandishwa kwenye mchanga kila Jumapili, brashi ngumu na turubai la kukusanyia makapi vinatosha, na turubai hilo ndilo ninaloliona kuwa la lazima, iwe Sibiti au Fumba.